Sura Aliyokatazwa Salme

Kila Jumamosi baada ya alasiri, wanawake wachache walikutana kwenye chumba cha kushonea cha Jeska, kule Cheyo, mjini Tabora, kila mmoja akaeleza kitabu anachokisoma na kilichompendeza au kumkera ndani yake. Salme hakukosa hata mara moja. Mumewe alikuwa amefariki, watoto wanajitegemea, na vitabu ndivyo vilivyomrudishia hamu ya kuzungumza.

Mwezi ule alikuwa akisoma kitabu kinene cha historia ya njia ya misafara, kutoka pwani hadi Ujiji. Kwenye sura ya Tabora akakutana na jina la babu wa babu yake. Nyumbani walilelewa wakiambiwa mzee yule alifanya biashara ya nguo na pembe za ndovu. Kitabu kilisema aliuza watu pia.

Kaka yake, Humaidi, alipopata habari kwamba Salme ataisoma sura hiyo mbele ya wenzake, alimfuata nyumbani, akamwambia mambo ya ukoo hayaanikwi nje, tena mbele ya watu wa kuja. Alimlenga Jeska, ambaye wazazi wake walifika Ulyankulu wakikimbia mauaji Burundi. Salme alimmiminia chai.

Jumamosi ilipofika, Humaidi naye akaja. Salme alisimama, akamwamkia shikamoo kama kawaida, akampisha kwenye kiti kizuri. Jeska akaanza. Alikuwa akisoma riwaya ya mke anayevumilia mateso mpaka mwisho, akasema imemchosha, maana kila akifungua ukurasa anatamani kumshika yule mwanamke mkono amtoe nje. Wakacheka. Humaidi hakucheka.

Ikawa zamu ya Salme. Akavaa miwani.

"Salme, nilikukataza," Humaidi alisema.

"Ulinikataza, kaka, na nilikusikia."

Akasoma. Alipofikia jina la mzee wao, hakuliruka. Alipomaliza akakilaza kitabu mapajani, akasema ana ugomvi na mwandishi, ila si kwa kulitaja jina lile.

"Wenye misafara wamejaa humu, wao na baba zao," alisema. "Waliouzwa, hakuna hata mmoja aliyetajwa. Nimetafuta tangu ukurasa wa kwanza. Kama kuna wa kulalamika, ni hao, si sisi."

Humaidi akanyanyuka, akasema kuanzia leo hana dada, akatoka. Jeska akamuuliza Salme taratibu kama angependa waishie hapo. Akakataa. Walikuwa bado hawajamsikia Apolinaria, aliyekuwa na kitabu chake cha ufugaji nyuki, naye alikuwa amejiandaa wiki nzima.

Jioni ile Salme akatolewa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Idi ilipofika, hakuna aliyemwita. Iliuma, na hakujidai kwamba haikuuma. Alilia jikoni huku akikaanga vitunguu. Lakini pilau aliipika kwa sufuria kubwa, akawaita wanawake wa Cheyo, na walipokwisha kula akawasomea sura iliyofuata, ile ya Ujiji. Alisoma kwa sauti, madirisha yakiwa wazi, na aliyepita njiani akitaka kusikia alisikia.