Mkunga Apanda Farasi

Mkunga alipostaafu, wanawe walitarajia atulie nyumbani afuge kuku. Yeye akanunua farasi jike, mpole wa macho, akajifunza kumpanda taratibu, magoti yakimlia kama bawaba kavu.

Siku alipotaka kutoka naye barabarani, mwanawe wa kwanza, fundi magari, alikuja mbio, mikono imejaa grisi.

“Mama, kwa umri huu! Ukianguka je?”

“Nikianguka nitainuka, baba. Wewe nifungulie geti.”

Akapanda juu ya kreti, akajirusha kwenye tandiko, akashika hatamu. Farasi akatoka kwa madaha, na mkunga juu yake, mgongo wima. Majirani walishika vinywa.

“Nani yule?” mpita njia akauliza.

“Mama yangu mzazi!” fundi akajibu, mtaa mzima ukasikia.

Mkunga hakugeuka. Alitabasamu, akamwachia farasi aongeze mwendo.