Mdomo wa Foko

Mji mzima ulimwita Spoku, kama njiti ya gurudumu, kwa wembamba wake na kwa kazi yake, na jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Huo ulikuwa mwaka wake wa thelathini na mbili katika ufundi wa baiskeli. Alishashonwa kidevu, alishavunjika vidole viwili, cheni ilishamng'oa kucha, na kesho yake kila mara alifungua karakana kama kawaida. Woga ulikuja kumwingia akiwa mtu mzima, mchana kweupe, kwa sababu ya binti yake na fremu ya alumini.

Binti huyo, mtoto wake wa pekee, alikuwa muuguzi wa kuzungukia wagonjwa majumbani. Alifunga vidonda, alichoma sindano, aliwageuza watu waliolala kitandani miezi. Nyumba nyingi alizokwenda zilikuwa juu kilimani, na akifika kwa mgonjwa wa tatu alikuwa hoi, anahema kuliko mgonjwa mwenyewe. Basi akanunua mota ya umeme, ile ya kwenye habu, inayokaa katikati ya gurudumu la mbele, pamoja na betri yake. Akaingia nayo karakanani, kalikumbatia boksi kama mtoto mchanga.

"Baba, mota hii hapa. Nitafutie mwili wa kuivalisha."

Fremu zilizofaa kufikiriwa zilikuwa tatu, zimening'inia kwenye boriti. Moja ya chuma, nyeusi, nzito, iliyokuwa ya tarishi aliyestaafu. Nyingine ya kike, ile isiyo na bomba la juu. Ya mwisho ilikuwa ya alumini, rangi ya samawati, ina foko ya springi, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, na nyepesi kiasi kwamba ungeiinua kwa kidole. Binti hakuzitazama mbili za kwanza mara mbili.

"Hii hapa," akasema, mkono tayari uko kwenye ile ya samawati.

"Hiyo nzuri, lakini alumini siiamini. Chuma kikichoka kinapinda, unakiona. Alumini inanyamaza, inanyamaza, halafu inakatika."

"Na hilo la tarishi nitalipandishaje ngazi za watu? Nitahitaji muuguzi mimi mwenyewe!"

Wakacheka wote wawili, na ndani ya kicheko hicho Spoku akakubali kwa mdomo jambo ambalo moyoni hakulikubali. Alijua vizuri kwamba mota inapolisukuma gurudumu mbele, ekseli, ule mhimili wa gurudumu, nayo hutaka kuzunguka kinyume, na kinachoizuia ni midomo miwili tu ya foko, ile mikato ambamo ekseli hukaa. Ndiyo maana fundi makini hufunga mkono, kipande cha chuma kinene kinachoishika ekseli na kubanwa kwenye mguu wa foko. Spoku hakuwa nao. Alikusudia kuuchonga, lakini Jumatatu ilikuwa imeshafika na binti alikuwa na wagonjwa wanane wa kuwaona. Akakaza nati mpaka spana ikalia. Mkono, akajiambia, wiki ijayo.

Alhamisi, saa nne asubuhi, kinyozi wa mtaa wa pili akatokea mlangoni. Alikuwa ameibeba baiskeli yake begani kwa mbele, inajikokota kwa gurudumu la nyuma. Nayo ilikuwa ya mota, aliyofungiwa na fundi wa mbali.

"Fundi, nitazamie maajabu haya. Ndiyo kwanza naondoka mlangoni kwangu, hata kasi sijashika, nasikia kaa! Gurudumu hilo likaenda zake, na mimi huyo chini kama gunia. Wateja wamecheka mpaka basi."

Mwenyewe alikuwa anacheka, na magoti yamemchunika. Spoku akainama. Mdomo wa kulia wa foko ulikuwa umepanuka, kipande kizima kimeruka, na waya wa mota umejisokota kwenye ekseli mpaka ukakatika. Foko ilikuwa ya alumini. Ya springi. Na mkono haukuwepo.

"Umeipanda muda gani?"

"Hata mwezi haujaisha. Fundi, mbona umebadilika rangi?"

Spoku alikuwa ameshatoa simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyemkataza mtoto kupokea simu akiwa barabarani, na sasa hakujua kama yuko barabarani, au yuko kwa mgonjwa, au yuko chini ya kitu. Mara ya nne simu haikuita kabisa.

Ratiba ya Alhamisi aliijua kwa moyo. Asubuhi juu kilimani, kisha saa tano binti anashuka zahanati kuchukua dawa. Na kushuka maana yake ni ile barabara ya lami inayoteremka kilomita mbili bila kona, hadi njia panda ambapo malori ya mchanga hupita yamefuatana. Shimo moja tu. Breki moja ya ghafla.

Akavuta baiskeli iliyokuwa karibu, ya mteja, hata tandiko lake halijakazwa, akaondoka. Kinyozi akabaki analinda karakana bila kuombwa.

Alikanyaga pedeli kama mwendawazimu. Kila aliyemsalimia njiani alimwona mdomo tu unacheza, hakumsikia. Na alipoikaribia njia panda akaona watu wamesimama duara katikati ya barabara, lori limesimama kando, mlango wake wazi.

Akashuka, akashindwa kusogea. Kati ya miguu ya watu aliliona gurudumu limelala, spoku zimepinda. Aliweza kuuliza, watu walikuwa hatua kumi tu mbele yake, lakini hakuthubutu. Akasimama pale, kashika usukani wa baiskeli ya watu, anasubiri mtu yeyote aseme neno lolote. Na neno likasemwa na mwanaume mmoja mwenye hasira:

"Nani atayaokota matofali yangu?"

Lilikuwa gurudumu la mkokoteni. Matofali yalikuwa yametapakaa, mwenyewe anamfokea dereva, na hakuna aliyeumia. Spoku akapita pembeni, machozi yanamtoka, akaanza kuupanda mlima kwa miguu huku anaisukuma baiskeli. Macho hayakuondoka juu. Kila kitu chenye rangi ya samawati kilichoteremka, fulana, ndoo, gari dogo, kilimkata pumzi.

Baiskeli ya binti aliikuta imeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya tano, kimya, kama haijui lolote. Hakupiga hodi. Akaingia mpaka chumbani, akamkuta binti yake amevaa glavu, anamfunga bibi mmoja kidonda cha mguu.

"Na huyu naye ni daktari?" bibi akauliza kutoka kitandani. "Siku hizi madaktari hawasemi hata hodi?"

"Shikamoo, bibi. Nisamehe."

"Marahaba. Kaa, usije ukaanguka, maana kitanda ni kimoja."

"Baba!" Binti alimkazia macho. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Maliza kazi yako. Halafu uje nje, na hiyo baiskeli usiiguse."

Alimaliza, akaaga, akatoka na uso umekunjwa. "Unanifuata kazini, mbele ya mgonjwa? Simu imeisha chaji, basi! Mimi ni mtoto?"

Spoku alikuwa amepiga magoti mbele ya gurudumu. Hakuinua kichwa. Nati ile aliyoikaza kwa nguvu zake zote aliishika kwa vidole viwili, akaizungusha. Ikazunguka. Kisha akaushika mkono wa binti yake, akaipitisha kucha yake kwenye pembe ya mdomo wa foko, taratibu. Kucha ikakwama.

"Umesikia?"

Alikuwa amesikia. Ufa ulikuwa mwembamba kuliko unywele, unapanda kutoka kwenye ekseli kwenda juu, urefu wa punje ya mchele.

"Ulikuwepo Jumatatu?"

"Haukuwepo. Ni huu mlima. Kila ulipobonyeza mota, ekseli ilikuwa inaupanua mdomo."

Binti akakaa kwenye ngazi ya mlango. Glavu alikuwa hajazivua. "Jana," akasema, "jana nilishuka bila kugusa breki. Nilikuwa nimechelewa. Baba, nilikuwa naimba."

Waliteremka kwa miguu, kila mmoja na baiskeli yake mkononi, kilomita mbili zote. Malori yaliwapita yakiwapulizia vumbi, na kila lilipopita moja binti alijibana ukingoni, mtu ambaye tangu Jumatatu alikuwa akishindana nayo.

"Kosa ni langu," Spoku akasema walipofika katikati. "Nilijua haifai, nikanyamaza. Nilijua inahitaji mkono, nikaahirisha."

Alitarajia aambiwe asijali. Hakuambiwa. Binti akasema, "Mama asijue."

"Nitamwambia mimi."

Alimwambia jioni ile ile. Mkewe alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vimesimama ndani ya ungo.

"Mfungie fremu inayostahili," hatimaye akasema, "au usimfungie kabisa. Lakini ukimfungia, wa kwanza kuipanda kule mlimani ni wewe."

Kesho yake Spoku alizishusha fremu mbili zilizobaki. Safari hii hakuzitazama kwa macho ya muuzaji. Alizikwangua rangi kwenye kila maungio, akazipaka mafuta ya taa, akazifuta zikauka, kisha akazipaka vumbi la chaki, akasubiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka yenyewe na kuilowesha chaki. Ile ya kike ilikaa nyeupe dakika kumi. Ndipo karibu na bomba la tandiko ukachomoza mstari mweusi, mwembamba, unatambaa kama sisimizi. Angeweza kumfungia hiyo, na angeapa ni nzima.

Ya tarishi ilibaki nyeupe. Aliirudia mara tatu, kwa kuwa hakujiamini. Akavuta uzi kutoka kichwani mwa fremu hadi nyuma, pande zote mbili, kuona kama imepinda. Haikupinda. Foko yake ilikuwa ya chuma, haina springi, na midomo yake ilikuwa minene, imekatwa kwenye bamba zima. Katikati ya mabomba palikuwa na nafasi ya kuikalisha betri chini, uzito usiyumbe. Ilikuwa nzito, ndiyo, na mbaya kwa sura. Akachonga mikono miwili kwa tupa, kulia na kushoto, siku tatu, hadi ekseli ikaingia kwa kugongwa taratibu na isicheze hata kidogo.

Akaifunga mota, akaanza kuipanda. Alifunga gunia la mchanga kwenye karia, akapanda kilima na kushuka, asubuhi na alasiri, wiki mbili. Kupanda hakukumsumbua. Kushuka ndiko kulikomtoa kijasho, masikio yote yako kwenye gurudumu la mbele. Siku moja akasikia tik, tik. Akaruka chini katikati ya mteremko, nusura agongwe, akapekua kila nati. Kijiwe kilikuwa kimenasa kwenye madigadi. Akakaa ukingoni robo saa kabla ya kuthubutu kuipanda tena.

Wiki hizo zote binti alikwenda kwa miguu, na hakuuliza habari za baiskeli. Spoku alidhani amekasirika. Siku aliyomwambia iko tayari ndipo alipogundua kwamba mtoto anaogopa kuliko yeye. Alisimama mlangoni mwa karakana na kofia ngumu mkononi, haivai.

"Nipe spana," akasema. "Nionyeshe nikague mwenyewe."

Akaonyeshwa. Akakaza nati kulia, akakaza kushoto, akapitisha kucha kwenye midomo yote miwili, akautikisa kila mkono.

"Nikiona nini nisipande?"

"Ukiona chochote ambacho jana hukukiona. Hata kama una wagonjwa ishirini."

"Na nisipoona kitu?"

Spoku alitaka kumwambia kwamba basi hakuna tatizo. "Basi nenda polepole," akasema.

Akaenda. Mgongo wake ulikuwa umekakamaa, breki kazishika zote mbili ilhali barabara ni tambarare. Spoku alimtazama hadi kona ikammeza, kisha akarudi ndani na hakufanya kazi yoyote. Alihamisha makopo ya nati kutoka rafu hii kwenda ile, akayarudisha. Saa nne ikapita. Saa tano ikafika, saa ya kushuka, na ikapita nayo. Saa tano na dakika ishirini simu ikaita.

"Niko zahanati. Nimeshuka na breki mwanzo mpaka mwisho, mikono imekufa ganzi. Watoto wa shule wamenipita kwa miguu."

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana."

"Kesho utaikagua tena?"

"Kesho tutaikagua wote wawili."

Alipokata simu alivuta kigoda akakikalia. Mteja mmoja mwenye pancha alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu.

"Unaumwa, fundi?"

"Hapana," Spoku akasema. "Subiri kidogo. Ninakuja."