Nimekupenda, Mguu Mmoja Tayari

Haya nilisimuliwa na dada mtu mwenyewe, Jumamosi iliyopita, nilipopeleka gauni langu likapunguzwe mikono nikamkuta yuko peke yake kwenye cherehani, mdogo wake katoka. Alisimulia huku anacheka na kujifuta macho, nami nayaandika kama nilivyoyapokea. Chumvi iliyomo ni ya kwake.

Dada mtu huyu ni mtunzi wa vitabu vya mapenzi. Mtaani wanamwita Machozi, maana kila anayevisoma hulia, hata wanaume, ila wao husema wameingiwa na vumbi. Ameshaandika vitabu kumi na tisa. Hicho cha kumi na tisa alikipeleka kwa mhariri wake siku ya Jumatatu, na mhariri akamwambia, "Pumzika, mama. Mwezi mzima usishike kalamu."

Machozi kupumzika hajui. Jumanne alifua mapazia yote ya nyumba. Jumatano alisugua kuta za jikoni, akapanga vikombe kwa ukubwa, akavipangua, akavipanga kwa rangi. Alhamisi hakikubaki cha kufua wala cha kupanga, akaanza kupita kwa majirani kuwauliza wamekutana vipi na waume zao.

Anaishi na mdogo wake, ambaye ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho anachofanyia kazi: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na pazia la kujaribia nguo. Sasa, hapa kuna jambo la kulijua mapema. Miaka mitatu nyuma palikuwa na bwana mmoja akimwandikia fundi barua. Machozi alipoona mdogo wake anachelewa kujibu, akajibu yeye, kurasa nne, kwa jina la mdogo wake, kwa nia njema kabisa. Yule bwana akaja na wazee wake, wamevaa wakapendeza, na fundi wa watu hajui hili wala lile. Kwa aibu ile alihama nyumba, na miezi saba hakupokea simu ya dada yake. Aliporudi aliweka sharti moja: "Mimi si kitabu chako, dada. Siku ukinitungia tena hata neno moja, nabeba cherehani zangu na hutaniona." Machozi akala kiapo.

Basi Ijumaa asubuhi fundi akamwonea huruma anavyozungukazunguka sebuleni. Akampa simu yake.

"Kaa hapa. Nikimaliza kazi ya mtu, mwandikie aje achukue. Andika ninachokuambia. Usipambe."

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

Machozi akakaa kitako kwenye kigoda, amefurahi kama mtoto aliyevishwa sare mpya. Akamwandikia mama wa sketi, akamwandikia kondakta wa mashati mawili. Saa tano fundi, pini zimemjaa mdomoni, akasema, "Mwandikie fundi saa: Nimekupindia. Mguu mmoja tayari, wa pili namalizia. Njoo saa kumi."

Fundi saa ni bwana mmoja mpole, hana mke, ana kibanda cha kutengeneza saa karibu na kituo cha basi. Suruali yenyewe ni ya kijivu, na ilikuwa inapindwa kwa mara ya nne. Kila akija husema inaburuta. Kwa jinsi ilivyokwisha kupanda, isingeburuta hata angepiga magoti.

Machozi akaandika, akatuma, akaendelea na wengine. Saa sita simu ikalia. Alisoma jibu mara mbili.

"Na mimi nimekupenda. Miguu yote miwili. Tangu mwezi wa pili. Saa kumi kamili nipo hapo."

Akapandisha juu kuangalia alichokuwa amekiandika. Kilikuwa pale, waziwazi: "Nimekupenda. Mguu mmoja tayari, wa pili namalizia. Njoo saa kumi."

Kidole kilikuwa kimeanza vizuri, nimekup, halafu kikajiendea njia yake iliyoizoea miaka ishirini.

Moyo ukamwenda mbio, na alivyoniambia mwenyewe, ulikwenda mbio mara mbili: upande mmoja hofu, upande wa pili raha tupu, ile inayomshika akiianza sura ya kwanza. Tangu mwezi wa pili! Suruali mara nne! Mambo yote haya yamepita mbele ya macho yake, yeye anayejidai bingwa wa mapenzi, na hakuona kitu.

"Nani huyo?" fundi akauliza, bila kuinua kichwa.

"Mtu wa mtandao, wanauza vifurushi. Nakwenda kukununulia uzi mweusi."

"Uzi mweusi ninao."

"Basi mweupe."

Alikwenda karibu anakimbia mpaka kwenye kibanda, amwambie yule bwana ukweli kabla hajafika nyumbani. Akakuta kimefungwa. Jirani wa kibanda, mchonga funguo, alikuwa ameegemea meza yake anakula mhogo wa kuchoma.

"Ukimtafuta huyo, yuko kwa kinyozi," akasema. "Leo kachanganyikiwa. Amezungusha saa zote za ukutani zikasoma saa kumi, kisha akafunga. Wateja wangu wananiuliza saa, nawaambia hapa ni saa kumi tangu asubuhi."

"Kwa kinyozi gani?"

"Ningejua ningekuwa nimemfuata nione. Mimi nimekaa naye miaka sita, sijawahi kumsikia akiimba. Leo ameimba, dada yangu. Vibaya sana."

Machozi alizunguka kwa vinyozi wote wa mtaani asimwone, akarudi mguu mmoja mbele mmoja nyuma. Njiani shetani wake wa kazi akamnong'oneza: nyamaza. Futa ujumbe, jitie hamnazo, mwache bwana aje na nywele zake mpya, tuone. Lakini alijua kwamba kunyamaza nako kungekuwa kutunga. Miezi saba ya simu isiyopokewa ilimrudia yote kifuani. Akapiga moyo konde.

Alipoingia ilikuwa saa tisa unusu. Akasimama mbele ya cherehani.

"Mdogo wangu, nimekosea. Sikutunga, nimekosea. Soma mwenyewe."

Fundi akashika gurudumu, cherehani ikanyamaza. Akasoma. Akatoa pini mdomoni moja baada ya moja, akazichomeka kwenye kifuko chake.

"Nilisema nimekupindia."

"Ulisema."

"Na wewe ukaandika hivi."

"Kidole, mdogo wangu. Naapa kwa mama yetu alikolala. Nimekwenda mpaka kibandani nimwambie, nikakuta kafunga. Ukitaka nitasimama mlangoni nimrudishe mimi, aibu iwe yangu."

Fundi alikuwa anasoma tena, safari hii ujumbe wa chini, na shingo yake, anasema Machozi, ilianza kupata joto mtu analiona kwa macho.

"Tangu mwezi wa pili," fundi akasema polepole. "Mwezi wa pili alileta shati la kubadilisha kola. Halikuwa na kasoro. Nikadhani haoni vizuri."

"Kwa hiyo nimrudishe?"

"Utakaa kimya. Hapo hapo kwenye kigoda. Nitasema mwenyewe."

Saa kumi kamili, si dakika moja mbele, bwana akatokea mlangoni, kichwa kinang'aa, viatu vinang'aa.

"Habari za mchana, fundi. Habari, shemeji."

Machozi akauma mdomo kwa ndani.

"Kaka," fundi akasema, amesimama, suruali ya kijivu mkononi. "Ule ujumbe aliuandika dada kwa makosa. Mimi nilisema nimekupindia."

Bwana akatazama suruali, akamtazama Machozi, akaitazama sakafu. Masikio yalimwiva. Ungeweza kusikia saa yake ya mkononi.

"Aa. Basi nimekuelewa," akasema. "Samahani, fundi. Lakini jibu langu nililiandika mwenyewe, na sikukosea herufi."

Machozi kwenye kigoda alikuwa amejishika mikono miwili isije ikafanya jambo. Maneno kumi mazuri yalimjia kooni, akayameza yote, na aliniambia hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Fundi akaikunja suruali, akaiweka mezani.

"Hii sitaipinda tena. Ikipanda zaidi itakuwa kaptura."

"Ninazo nyingine tano nyumbani," bwana akasema haraka.

"Usilete suruali." Fundi alikuwa anatabasamu, hana pa kuficha uso. "Jumapili nafunga saa nane. Njoo wewe mwenyewe."

Bwana alitoka akagonga kioo, akaomba radhi kwa kioo.

Jioni hiyo dada wawili walikula wima jikoni, hakuna aliyeweza kukaa. Fundi, ambaye kwa siku husema maneno ishirini, alisema mpaka chakula kikapoa: vidole vya yule bwana, sauti yake, kola isiyokuwa na kasoro.

"Umekuja kuniambia," akasema hatimaye. "Ungeweza usiniambie."

"Nilitamani nisikuambie."

"Najua. Nakujua, dada. Lakini humo vitabuni mwako, mimi simo."

"Hutakuwemo. Nitamwandika mchonga funguo."

"Yule mla mhogo?"

"Ana mambo yule. Sijamuuliza tu bado."

Wakacheka mpaka fundi akajilaza kitandani na nguo zake, bado anazungumza, akalala katikati ya neno. Machozi akamvua viatu, akamfunika. Yeye mwenyewe alijigeuza kitandani huku na huku, akimvika mchonga funguo kofia, akamvua, akampa siri ya ujana, na kabla hajaamua ni siri gani, usingizi ukampitia.