Milimita Mbili za Mzee Rula

Mtaani walimwita Mzee Rula, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Miaka thelathini ya ufundi bati, rula yake ya chuma haikutoka mfukoni mwa shati. Alipostaafu, yeye na binti yake, ambaye ni rubani, wakaanza kujiundia ndege ya viti viwili bandani nyuma ya nyumba, na wimbo wa mzee ukawa mmoja tu: "Ribiti haikai ukingoni! Kutoka katikati ya tundu mpaka ukingo, kipenyo chake mara mbili. Ukipunguza, bati litachanika." Ribiti zao, ile misumari mifupi ya kuunganishia mabati, zilikuwa za milimita tatu, basi ukingo ulitaka sita. Hata mkewe, fundi cherehani, aliielewa sheria hiyo. "Ukishona ukingoni, nguo inafumuka," alisema. "Hilo nalo la kufundishwa?"

Sasa sikiliza lililompata. Siku moja rula ilianguka, mlango wa banda ukaipinda ncha ya sifuri. Mtu mwingine angenunua nyingine. Yeye, ah, wapi! Aliisaga ncha kwenye jiwe la umeme mpaka ikanyooka, akairudisha mfukoni. Siku hiyo hiyo akapiga ribiti kumi na moja kwenye bawa la kushoto, akauziba ukingo kwa bati la juu. Kisha akapima kipande alichokitoboa binti yake, akakitupa pembeni.

"Nane! Umekimbilia ndani kama mwoga. Rudia!"

"Baba, mimi nimepima sita."

"Unanifundisha rula, mimi?"

Binti akarudia, mama yake akitazama.

Wiki mbili baadaye mzee aliokota rula mpya ya binti, akailaza kando ya yake. Yake ilikuwa fupi kwa milimita mbili, zile alizozisaga kwa mkono wake mwenyewe. Maana yake zile ribiti kumi na moja zilikuwa milimita nne tu kutoka ukingoni, na kipande cha mtoto kilikuwa sawasawa. Angesema, lakini angeanzia wapi, yeye aliyefoka vile? Akapaka rangi. Tena mara mbili, Mungu amsamehe.

Mkaguzi wa ndege alipofika, alilipapasa bawa akacheka. "Kazi ya Mzee Rula naisaini hata nimefumba macho." Akasaini. Mzee naye akacheka, cheko la meno tu.

Ikafika asubuhi ya kuruka. Binti alikuwa ameshafunga mkanda, injini inanguruma. "Kiti cha pili ni chako, baba. Panda!"

"Nenda tu, mwanangu. Mgongo unanisumbua."

"Tangu lini?" mkewe akadakia. "Jana si ulishinda chini ya ndege hiyo hiyo?" Akamkazia macho. "Mume wangu, chombo unachompandishia mtoto, mwenyewe unakiogopa?"

Mzee akafungua mdomo kusema uongo wa pili, ukagoma kutoka. Akapiga ubavu wa ndege kwa kiganja. "Zima! Mwanangu, zima! Bawa la kushoto ni bovu. Nilijua, nikapaka rangi."

Binti hakufoka. Afadhali angefoka. Alishuka, akaingia bandani, akarudi na kile kipande kilichotupwa, kimejaa vumbi. Akaweka rula yake juu ya tundu la kwanza.

"Soma, baba."

"Sita."

"Mama hajasikia."

"Sita!" Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ilikuwa na shughuli zake. "Kazi yako ilikuwa nzuri, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosea, nikakuonea, halafu nikataka kukuua kwa sababu ya aibu."

Mkewe aligeuka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Binti akamletea baba yake keekee, ile mashine ya kutobolea.

"Tuanze kuzitoa hizo ribiti."

Mzee akaipokea. Mkono mwingine ukaenda mfukoni kwa mazoea, ukaigusa rula, ukaiacha humo humo. Akaunyoosha mbele ya mwanawe, kiganja juu.

"Niazime yako," akasema.