Dokta Kafiwa

Hapa Guangzhou kila Mtanzania ananiita Dokta, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Anayeniuliza ni muuza viatu wangu wa soko la Zhanxi, na kwake hiyo ni salamu tu ya Kichina. Nikimjibu sijala, anacheka, ananiletea raba nichague.

Udokta niliusomea Leipzig, enzi Ujerumani zikiwa mbili. Niliporudi nyumbani mshahara wa wilayani ukanishinda, nikaingia kwenye viatu na kusafirishia watu mizigo. Lakini ukiwa na kiofisi kwenye jengo la Tianxiu, na watu wakajua uliwahi kuvaa koti jeupe, umekwisha. Huyu mgongo, yule vidonda vya tumbo. Mizigo yao wanampa wakala mwingine. Kwangu wanaleta magonjwa.

Kule Leipzig niliandika tasnifu juu ya daktari mmoja wa karne ya kumi na nane, Ehrhardt Lommer. Alianza kwa kutibu wanajeshi, akawa daktari wa mji, mwishowe mtawala akamchukua awe daktari wa nyumba yake. Sifa zikaenea, wagonjwa wa mbali wakawa wanamwandikia, naye anawatibu kwa barua bila hata kuwaona sura. Siku aliyomzika mkewe alirudi nyumbani akajibu barua zote: tumbo la huyu, jicho la yule. Nikamsifu kurasa nzima kwa bidii yake. Profesa akafurahi. Mjinga mimi! Sikujiuliza kama kuna mgonjwa hata mmoja aliyemwambia pole.

Haya yalinirudia Jumanne moja ya mwaka tisini na nane, mdogo wangu Calvin aliponipigia kutoka Mbinga. "Kaka Thadeo, mama ametutoka usiku. Tunazika leo, hutawahi." Simu ikakatika. Nyumbani saa ile watu wameshatandika mikeka, na jirani tusiyeelewana naye kaja na kuni. Mimi nina meza, feni na maboksi ya viatu. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie pole. Mmoja.

Akaingia Zubeir, muuza redio. "Dokta, habari za leo?"

"Nzuri," nikasema, maana ndivyo tulivyolelewa. Hata nyumba ikiwa inaungua, kwanza unajibu nzuri, ndipo unasema, ila. Mwenye adabu huisubiri hiyo ila. Zubeir hakusubiri, alishapanua mdomo nimwangalie jino.

Akafuata Natalia, wa nguo za watoto, na presha yake. "Salama, Dokta?"

"Salama, ila..."

"Afadhali wewe! Mimi kichwa hiki kitanipasua."

Nikampima. Nikamwambia apunguze chumvi. Alipotoka nilifunga mlango nikalia kama mtoto. Kisha nikafuta uso, maana mlango uligongwa tena.

Alikuwa Sihaba, mama wa Kariakoo anayenunua mikoba kwenye masoko ya Shiling, nje ya mji, mdomo kama cherehani. "Goti, Dokta, goti! Jana nimesimama kwenye basi toka Shiling mpaka hapa. Habari lakini?"

"Nzuri."

Akaketi, akanyoosha mguu, akanyamaza. Sihaba, kunyamaza! Akanikazia macho. "Ila?"

"Ila mama yangu amefariki."

"Wee! Lini?"

"Usiku. Wanamzika leo."

"Na wewe umekaa hapa unapima watu? Una wazimu, mwanangu?"

Hakuwahi kuniita mwanangu. Akainuka na goti lake hilo hilo, akachana maboksi yangu, akayatandaza sakafuni, akavua khanga ya mabegani akaitandika juu. Akavua viatu, akakaa.

"Pole, baba. Pole sana. Haya, shuka. Msiba haukaliwi kwenye kiti."

Nikashuka, nikakaa karibu naye. Sikujua miguu niiweke wapi, nilikuwa sijakaa chini na mtu tangu nifike China.

"Marehemu alikuwa anaitwa nani?"

"Skolastika," nikasema, nikaanza kulia. Akanishika mkono, akaniacha nilie.

Mlango ukagongwa. "Dokta yupo jamani? Tumbo linaniua!"

Sihaba hakugeuka. "Dokta hayupo," akasema. "Yupo Thadeo, kafiwa na mama yake. Vua viatu, uingie ukae."