Kaka Yangu Wolfgang

Mama yangu ndiye mkaanga samaki mwenye sauti kubwa kuliko wote katika soko la Babati. Nalisema hili kwanza ili ijulikane walimnyamazisha mwanamke wa namna gani. Akipaza sauti, "Sato wa ziwani, jana alikuwa anaogelea!" hata abiria aliye ndani ya basi anageuza shingo. Mimi sikurithi sauti ile. Shule niliishia darasa la tano, na mpaka nimekuwa mtu mzima nilikuwa nikitumwa dukani narudi bila chumvi, kwa sababu nimeona aibu kumwita muuzaji. Mama hakunicheka.

"Noela wangu anasikiliza," alikuwa akiwaambia watu. "Nyie mnaobwabwaja mnasikia nini?"

Baba alipofariki, nyumbani kwetu Maisaka walikuja akina mama tusiowajua, wamefunga vitambaa vyeupe kichwani. Walileta kuni, wakateka maji, wakasugua masufuria ya msiba mpaka yakang'aa. Ndugu wa baba walikula, wakagombana, wakaondoka. Wale wenye vitambaa wakabaki. Mmoja alimshika mama mkono akamwambia, "Wenzako walifuata pilau. Sisi tumekufuata wewe." Mama akalia begani kwake. Mtu akikuoshea vyombo ukiwa na msiba, utamfukuzaje?

Hivyo ndivyo alivyofika kwenye kambi ya Nabii Gerson, kule Bonga, banda la mabati kando ya barabara ya Dodoma. Mwanzoni alikwenda Jumapili tu. Alirudi siku ya kwanza macho yamemtoka. Nabii alikuwa amemweleza jinsi baba alivyoomba uji asubuhi ile ya mwisho, naye mama akachelewa kuupeleka. "Nani alimwambia kama si Mungu?" aliniuliza. Kuanzia hapo, neno la Nabii likawa sheria. Aliacha meza ya samaki kwa kuwa ilinuka dunia. Akaacha simu. Akafunga kula mpaka mashavu yakabonyea.

Tena huko kambini hakuna mtu aliyeitwa Mama Fulani. Mtoto, alifundisha Nabii, ni kamba ambayo dunia inakuvutia. Aliyemtaja mwanawe alitengwa, asisemeshwe na yeyote. Siku mama alipokuja kuchukua nguo zake, nilimkimbilia mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Mimi si mama wa mtu," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Naitwa Dada Mtulivu."

Miguu yake ilikuwa imevimba. Vidonge vya presha, ambavyo nesi alituonya kwamba akiviacha anaweza kupooza au kufa, alikuwa amevifunga kwenye kitambaa, havijaguswa.

"Jumamosi tunavitia kwenye moto wa Nabii," alisema. "Nikishavichoma sirudi tena Maisaka."

Jumamosi asubuhi nikapanda bajaji kwenda Bonga. Sikuwa na mpango wowote. Nilijua tu kwamba vile vidonge havipaswi kuingia motoni. Kutambuliwa sikukuhofia, maana siku zote za msiba nilijificha jikoni, kwenye moshi, na pale kambini hakuna aliyethubutu kuuliza nani ni mtoto wa nani.

Alinipokea dada mmoja mchangamfu aliyeitwa Kandida. Alinikalisha mkekani, akanipa ungo wa maharage tuchambue pamoja.

"Mdogo wangu, karibu sana. Hapa ni nyumbani. Hebu niambie, moyoni una nini?"

Ningesema nimemfuata mama, wangenitoa nje hapo hapo. Ningenyamaza, angeendelea kuuliza. "Kaka yangu," nikasema.

"Masikini. Anaitwa nani?"

Kichwa kikawa cheupe kabisa. Jina pekee lililonijia ni lile ninalolisikia kila asubuhi nikiamka. "Wolfgang."

Wolfgang ni mbwa wa jirani yetu, Mzee Baltazar. Mzee alipewa na mgeni Mjerumani aliyekuwa akirudi kwao, mbwa akaja na jina lake. Ni mwizi wa samaki. Maisaka nzima wanamjua kwa jinsi mama anavyomfukuza na mwiko.

"Na yuko wapi huyo Wolfgang?" Kandida aliuliza, mkono wake begani kwangu.

"Alienda machimboni. Hajarudi."

Machozi yakamlenga, na nadhani yalikuwa ya kweli. Akasema anakwenda kuniletea maji ya kunywa. Akapita nyuma ya pazia alikokaa Nabii. Aliporudi, hakuwa na maji. Hapo nikakumbuka akina mama wa vitambaa vyeupe wakiosha masufuria na mama akiwasimulia, huku analia, habari ya ule uji.

Watu walijaa bandani. Mlangoni liliwaka pipa la moto, na wagonjwa walipanga mstari mbele yake na dawa zao mikononi. Mama alikuwa wa kwanza. Aliniona. Akainamisha uso haraka.

Nabii Gerson alitoka akiwa na suti nyeupe na kipaza sauti. "Kabla ya moto, Bwana ananionyesha mtu!" alisema. "Binti mgeni, mwenye gauni la kijani. Simama!"

Nilisimama.

"Namwona kijana. Ni damu yako. Namwona chini ya ardhi, kwenye giza, mawe yamembana miguu. Jina lake ni... Wolfgang!"

Banda zima likapiga kelele. Kandida alikuwa anabubujikwa na machozi.

"Na mama aliyemzaa hali, halali! Anasema, Wolfgang, mwanangu, lini utarudi nikupikie? Kweli au si kweli?"

"Kweli!" watu waliitikia.

"Nataka binti mwenyewe aseme. Kweli au si kweli?" Akanisogezea kipaza sauti mdomoni.

Mimi, niliyeshindwa kuomba chumvi. Nilimtazama mama. Alikuwa ameinua uso, mdomo wazi, kile kitambaa cha vidonge kimening'inia mkononi juu ya pipa.

"Si kweli," nikasema, na sauti yangu ikazunguka kwenye mabati yote. "Sina kaka. Mama yangu alinizaa mimi peke yangu. Wolfgang ni mbwa."

Watu walitazamana.

"Nilimdanganya dada Kandida," niliendelea, maana nilijua nikinyamaza sitaweza tena. "Yeye akakwambia wewe. Hata habari ya uji mliambiwa msibani."

"Pepo wa uongo!" Nabii alininyang'anya kipaza sauti. "Nani anamjua binti huyu? Dada Mtulivu! Wewe unatoka Maisaka. Unamjua huyu?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kamba yenyewe. Ilitosha mama aseme hapana, nayo ikatike.

Mama alikuwa anatetemeka mabega. Nilifikiri analia. Kisha kikamtoka kicheko, kile chake cha sokoni, kilichokuwa kimefungiwa tangu msiba.

"Wolfgang!" alisema. "Wolfgang anikoseshe usingizi? Mbwa mwizi yule! Nimpikie? Kanilia sato wawili na kichwa cha kambale juu!"

Mtu nyuma akacheka. Mwingine akafuata. Nabii alipaza sauti kwenye kipaza chake, lakini mama yangu hajawahi kuhitaji kipaza.

"Na huyu namjua!" alisema, akinionyesha kwa kidole kwa wote. "Ni Noela. Nimemzaa mimi. Mimi ni Mama Noela!"

Akafungua kitambaa, akatoa kidonge kimoja. Bibi mmoja kwenye mstari alimpa kopo la maji. Mama akameza mbele ya pipa, mbele ya Nabii, akanishika mkono tukatoka. Sikuwahesabu waliotufuata. Yule bibi alitoka, dawa zake kifuani. Kandida alibaki amekaa, ungo wa maharage mapajani. Nasikia banda bado lipo na watu bado wanaingia. Siwacheki. Na mimi nilitaka kuoshewa vyombo.

Siku hizi mama yuko kwenye meza yake. Miguu imenywea. Nami nasimama pembeni yake, na akinywa maji naita wateja badala yake. Sauti yangu haifiki kwenye mabasi, ila inafika kwenye bajaji.

Jioni ya siku ile tuliyorudi, Wolfgang alikuja kama kawaida, tumbo chini, akitambaa kuelekea kwenye sufuria ya sato tuliowanunua njiani. Mama akanyanyua mwiko. Halafu akaushusha. Alichukua sato mzima, mkubwa, akamwekea kwenye sahani ya bati.

"Kula, mwanangu," akamwambia. "Umetoka machimboni."