Mazishi ya Kanja, Chuoni Kinoru

Mwaka wa 1996 chuo cha Muthamia pale Kinoru, mjini Meru, kilikuwa na kompyuta nane, lakini moja tu ndiyo iliyokuwa na diski. Nyingine hazikuwa na kitu ndani. Ukiziwasha, zilivuta mfumo wao mzima kupitia waya kutoka kwa ile moja, iliyokaa chumba cha nyuma. Ile ikizimwa, zote zilizima. Kwa hivyo Muthamia alimwekea mwalimu Kagure kitanda humo humo, ailinde.

Kagure alikuwa mtu wa Kanja, upande wa Embu, na Meru hakuwa na rafiki. Wanafunzi wakishaondoka jioni, aliongea na mashine kwa Kiembu.

Kufikia Julai wanafunzi walikuwa wanapata mambo yake. Saado, binti wa mwenye malori, aliwasha kompyuta akasikia harufu ya jiko la kuni asilolijua. Mbaka, jirani yake, alijua majina ya ng'ombe wa kina Kagure. Hawakushangaa. Walikuwa wameelezwa kwamba kilichomo kwenye ile ya nyuma kimo kwenye zote.

Asubuhi moja, wakijifunza kuchapa barua, wote waliacha kuchapa wakaanza kulia. Kagure alikuwa amesimama ubaoni, macho makavu.

"Madam," Mbaka alisema, "pole kwa mama."

"Asante. Endeleeni."

Mchana alimwendea Muthamia, aliyekuwa akichapa tangazo kwenye mojawapo ya zile kompyuta. Machozi yalikuwa yamelowesha kola ya Muthamia.

"Naomba ruhusa nikamzike mama."

"Pole sana, mwalimu. Lakini mtihani ni wiki hii. Nani atabaki na mashine?"

"Saado anaweza."

"Saado ni mwanafunzi." Alijipangusa uso. "Najua vile unasikia."

Ilikuwa kweli, alijua. Hakumpa ruhusa.

Siku ya mazishi Kagure alikaa kitandani akiyafuata kwa mawazo: sasa wanatoa jeneza, sasa wameanza kuimba. Upande wa pili wa ukuta wanafunzi walisimama. Saado, ambaye hakuwahi kuingia kanisani, aliimba wimbo wa Kiembu pamoja na wenzake mpaka ubeti wa mwisho. Kisha wakaketi, wakaona kucha zao zimejaa udongo mwekundu. Wakatoka kunawa bombani, wakarudi kufanya mtihani. Walipita wote.

Muthamia alifurahi, akaleta kompyuta nyingine zisizo na diski. Kagure ndiye aliyepitisha waya zake ukutani.

Msichana mgeni aliwasha ya kwake, akageuka kutazama nyuma.

"Huyu mama ananiita ni nani?" aliuliza.

"Ni mama ya madam," Saado alimjibu. "Chapa tu. Si wewe anaita."